Pampu Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Liko tatizo ambalo kila aliyeshughulika na magari ya petroli analijua. Gari linatembea vizuri, mara linapoteza nguvu na kuzima. Dereva analisogeza pembeni, anafungua boneti, anapiga simu. Fundi anafika baada ya nusu saa, anapiga stata, na gari linawaka kana kwamba halijawahi kusumbua. Wiki inayofuata linarudia. Mara nyingi hukumu hutolewa palepale: pampu ya mafuta imekufa, ibadilishwe. Pampu inanunuliwa Gerezani kwa watu wa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa watu wa Nairobi, inafungwa, gari linakwenda siku kadhaa, kisha linazima tena. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba hukumu ya namna hiyo ina kasoro kwenye msingi wake, hata pale inapoangukia kwenye ukweli. Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka haiji ovyo. Ina sharti lake: joto, mtikisiko, ukubwa wa umeme unaopita, au kiasi cha mafuta kilichobaki tankini. Kazi ya kwanza ya fundi ni kulijua sharti hilo, na ya pili ni kupima njia ya umeme wakati hitilafu ipo. Anayebadilisha kifaa wakati gari linawaka vizuri anabahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

Tuanze na njia yenyewe, maana wengi huitaja pampu kama kitu kinachojitegemea. Zamani za kabureta, pampu ya mafuta katika magari mengi ilisukumwa na injini yenyewe, na haikuwa na waya hata mmoja. Mambo yalibadilika pale mifumo ya kunyunyiza mafuta kwa umeme ilipoingia magari ya kawaida. D-Jetronic ya Bosch ilianza kufungwa kwenye Volkswagen mwaka 1967, na pampu ya umeme ikawa sehemu ya lazima. Leo umeme wa pampu unaanzia kwenye betri, unapita fyuzi kubwa, rilei kuu, fyuzi ndogo, rilei ya pampu, soketi za chini ya dashibodi, waya mrefu unaopita chini ya zulia hadi nyuma, soketi ya juu ya tanki, soketi nyingine ndani ya tanki, pampu yenyewe, kisha unarudi kwa waya wa ethi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi. Kila kituo kina maungio mawili au zaidi, na rilei hazijiamrishi zenyewe: moja inasubiri swichi, nyingine inasubiri kontroli boksi. Ukihesabu kwa uangalifu utapata maungio yasiyopungua kumi na mbili, na pampu ni mkazi mmoja tu wa njia hiyo. Hapo sijataja vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Alamu za kuzuia wizi na vifaa vya GPS mara nyingi hufungwa kwa kukata waya wa pampu na kuingiza rilei ndogo katikati, waya ukasokotwa kwa vidole na kuvikwa selotepu. Kenya ilipolazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye magari ya abiria mwaka 2004, magari mengi yaliongezewa kifaa kingine cha kukatiza injini njiani. Ungio la namna hiyo, lililosokotwa bila kulehemiwa, likikaa miaka kwenye unyevu wa chumvi wa Mombasa au Unguja, lina sababu nyingi zaidi za kuharibika kuliko pampu iliyotulia ndani ya petroli yake.

Kuna jambo jingine katika njia hii ambalo likieleweka huokoa pampu nyingi zisitupwe bure. Kontroli boksi hairuhusu pampu kuzunguka muda wote swichi ikiwa imefunguliwa. Ukifungua swichi, magari mengi huizungusha kwa sekunde 2 hivi ili kupandisha presha, kisha huizima hadi injini ianze kuzunguka. Sababu ni usalama: gari likipata ajali na injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli. Kontroli boksi hujua kwamba injini inazunguka kwa kupokea ishara ya sensa ya krenki, au ya distribyuta kwa magari ya zamani kidogo. Ishara hiyo ikikatika, rilei ya pampu huachia, pampu hunyamaza, na cheche za plagi hukatika pia. Na sensa ya krenki ni miongoni mwa vifaa maarufu kwa kufa vikipata moto na kufufuka vikipoa. Fundi anayekuta pampu iko kimya amekuta dalili, na bado hajui kama ukimya huo ni chanzo au ni matokeo. Kuipima pampu hiyo, kuitoa, kuipiga umeme wa moja kwa moja na kuiona inazunguka, kisha kuibadilisha eti kwa sababu "wakati mwingine inagoma", ni kumwadhibu mtumwa kwa kutii amri ya bwana wake. Dereva makini angeweza kutoa ushahidi hapa. Injini iliyokosa mafuta hufa kwa hatua: inakohoa, inavuta na kuachia, nguvu inashuka kwa sekunde moja au kadhaa kadiri presha inavyopungua kwenye bomba. Injini iliyokosa cheche hufa kwa mkato, kama mtu amefunga swichi. Na katika gari la gia za mkono, magurudumu yakiwa bado yanaizungusha injini, mshale wa mizunguko ukianguka sifurini papo hapo, ishara ya mzunguko ndiyo iliyopotea; ukibaki juu ukishuka taratibu pamoja na mwendo, ishara ipo na msako uelekee kwenye mafuta. Maswali haya mawili hayahitaji chombo chochote, na bado ni mara chache dereva kuulizwa.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo naliona kuwa mama wa makosa mengine, yaani kupima umeme usiofanya kazi. Fundi anachomoa soketi ya pampu, anaweka ncha za mita, anasoma volti 12 na nusu, anatangaza: umeme unafika, basi pampu ni mbovu. Maneno haya yanasikika kama mantiki safi, lakini Georg Simon Ohm aliyapinga tangu 1827, alipochapisha kanuni inayobeba jina lake: volti zinazopotea kwenye kizuizi ni zao la ukubwa wa umeme unaopita na ukubwa wa kizuizi hicho. Mita ya kisasa ina kizuizi cha ndani cha omu milioni 10 hivi, kwa hiyo inaponyonya umeme wa volti 12 inachukua kama sehemu moja na kidogo ya milioni ya ampea. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja, au ungio lililoliwa na kutu ya kijani, litapitisha kiasi hicho bila shida yoyote; hata kizuizi cha omu 1,000 kingepoteza sehemu moja tu na kidogo ya elfu ya volti, na kioo cha mita kisingeonyesha tofauti. Ni kama kupima uimara wa daraja kwa kumpitisha sisimizi. Pampu yenyewe haichukui sehemu ya milioni ya ampea. Pampu ya kawaida ya gari dogo huchukua kati ya ampea 4 na 8. Tuseme inachukua 6, na mahali fulani njiani kuna ungio lenye kizuizi cha nusu omu, kitu ambacho mita nyingi za bei nafuu hazikisomi kwa uhakika. Sita mara nusu ni volti 3 zinazopotelea hapo. Pampu inayopaswa kupata volti 13 na ushee injini ikiwaka inapata 10, inazunguka kwa uchovu, na presha inayotakiwa kukaa karibu na baa 3 inashuka gari linapotaka nguvu ya kupanda mlima. Volti hizo 3 hazipotei hewani. Tatu mara sita ni wati 18 za joto, karibu sawa na taa ya breki inayowaka ndani ya soketi ndogo ya plastiki. Ungio linapata moto, kizuizi kinaongezeka, joto linaongezeka tena, mpaka siku moja mguso unaachia kabisa. Gari linazima. Ungio linapoa, chuma kinajikunja, mguso unarudi, gari linawaka. Ndiyo maana soketi ya juu ya tanki inastahili kutazamwa kwa macho kabla ya kitu kingine chochote: plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, iliyolainika au kuvimba pembeni ya pini moja tu, ni ushahidi ambao hakuna mita inayoweza kuupita.

Kipimo sahihi hakihitaji chombo cha gharama. Soketi isichomolewe, pampu iachwe ifanye kazi, na mita iwekwe sambamba na sehemu ya njia: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa pampu kwa nyuma ya soketi. Kinachosomeka sasa ni volti zinazopotea njiani. Upande mzima ukipoteza chini ya nusu volti, njia hiyo ni salama. Ukipoteza zaidi, unasogeza ncha kituo kimoja kimoja mpaka uone hasara inaruka wapi. Kisha ufanye vivyo hivyo kwa upande wa ethi, ambao husahauliwa mno, kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Kama pampu haipo mahali pake, taa ya mbele ya wati 55 inachukua ampea 4 na nusu hivi na inafaa kushika nafasi yake. Ikiwaka kwa mwanga mkali, njia inabeba mzigo. Ikiwaka kwa rangi ya chungwa huku mita ilisema volti 12 na nusu, mita haikudanganya. Iliulizwa swali jingine.

Mfano bora kabisa wa ungio linaloachia kwa joto umo katika magari ya Honda ya miaka ya 1980 na 1990, aina za Civic na Accord, na mafundi wa dunia nzima wameuandika na kuurudia. Rilei kuu ya magari hayo, inayopeleka umeme kwa mfumo wa mafuta na kwa pampu, ni kiboksi kinachokaa ndani, chini ya dashibodi. Gari likiegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, joto la ndani hupita nyuzi 60 kwa urahisi, na juu ya dashibodi huwa zaidi. Mwenye gari anarudi sokoni, anapiga stata, injini inazunguka lakini haiwaki. Anafungua madirisha, anakaa, anajaribu tena baada ya robo saa, linawaka. Pampu ngapi zimetolewa tankini kwa sababu ya dalili hii! Ukikifungua kiboksi hicho unaona kibao cha saketi chenye miguu ya shaba iliyolehemiwa. Ukiitazama lehemu kwa kioo cha kukuzia, chini ya mwanga unaotoka ubavuni, utaona kuzunguka mguu mmoja mstari mwembamba mweusi kama duara la unywele. Hapo lehemu imeachana na mguu. Shaba, lehemu na kibao havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata joto, na baada ya maelfu ya kupashwa na kupozwa, pamoja na mtikisiko, lehemu huchoka na kupasuka kwa duara. Ikiwa baridi, nyuso mbili zinagusana na umeme unapita. Ikiwa moto, zinaachana kwa upana usioonekana. Rilei inaweza hata kulia "tak" kama kawaida, kwa sababu mguu uliopasuka si wa koili bali ni wa mguso unaobeba umeme wa pampu. Kusikia rilei ikilia si uthibitisho kwamba inapitisha kitu. Tiba ni kuondoa lehemu ya zamani na kulehemu upya, kazi ya dakika chache. Katika mfano huu sharti la hitilafu, yaani joto la ndani ya gari, linaelekeza kidole mahali penyewe: tanki liko nyuma, limejaa petroli isiyopata joto la dashibodi. Aliyeuliza "linagoma wakati gani?" alikuwa ameshafika nusu ya safari kabla ya kushika spana.

Toyota, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, zina zawadi yake kwa fundi mwenye subira. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina kiboksi cha vipimo chini ya boneti chenye terminali zilizoandikwa +B na FP. Swichi ikiwa wazi, ukiziunganisha kwa kipande cha waya, umeme unaruka rilei ya pampu na kwenda pampuni moja kwa moja. Gari likigoma njiani na pampu iko kimya, jaribio hilo la nusu dakika linagawa njia yote vipande viwili. Pampu ikilia na injini ikawaka, basi rilei kuu, waya wa nyuma, pampu na ethi vyote vimejitetea, na mshtakiwa ni rilei ya pampu au amri inayoiendesha. Ikibaki kimya, upande wa pili ndio wenye maelezo ya kutoa. Lakini jaribio hili lina thamani likifanywa wakati gari limegoma. Likifanywa gereji, gari likiwa limekwisha kuwaka, pampu italia kwa vyovyote na hakuna lililojulikana.

Mtu atauliza: fundi atakuwepo vipi wakati gari linagoma Chalinze saa nane mchana? Hahitaji kuwepo. Anaweza kuacha shahidi. Taa ndogo ya wati 5 inafungwa kwenye waya mrefu na kuwekwa mbele ya dereva, ikipokea umeme kutoka waya wa chanya wa pampu nyuma kabisa, na ethi yake ikitoka mahali pengine penye uhakika. Taa ya pili inafungwa kabla ya rilei ya pampu. Kila waya uwekewe fyuzi yake ndogo, maana huu ni umeme unaopelekwa karibu na petroli. Dereva anaambiwa jambo moja tu: siku litakapoanza kuzima, tazama taa mara moja, injini ikiwa bado inazunguka, kabla ya kugusa swichi. Ya kabla ya rilei ikiwa inawaka na ya pampu imezimika, rilei au amri yake imeachia. Zikizima zote mbili, msako unaelekea rilei kuu, fyuzi au swichi. Ya pampu ikiendelea kuwaka kwa mwanga kamili huku injini inakufa, umeme ulifika, na sasa pampu, ethi yake, au kitu kisichohusu mafuta kabisa ndicho cha kuchunguzwa. Ikififia, kuna ungio linalokula volti. Dereva wa bodaboda anaweza kusoma ushahidi huu, na unapatikana kwa gharama ya taa mbili na waya. Kama hitilafu ni ya joto, hata kusubiri hakuhitajiki: draya ya kukaushia nywele ikipuliza rilei kwa dakika chache, gari likiwa linawaka gerejini, inafanya kazi ya jua la mchana. Kama ni ya mtikisiko, waya unatikiswa kipande kwa kipande, taa ikitazamwa. Kitu kimoja hakifai kufanywa: kujaribu kwa cheche, kwa kugusisha waya wazi, pale tanki linapokuwa limefunguliwa. Mvuke wa petroli hausubiri onyo, na watu wameungua kwa mzaha huo.

Sitaki nionekane kuitetea pampu kana kwamba haiwezi kuharibika. Inaharibika, na tena kwa namna ya kuja na kuondoka. Ndani yake kuna brashi za kaboni zinazogusa vipande vya shaba vya komuteta. Brashi zikichakaa au kipande kimoja kikiungua, pampu ikisimama juu ya kipande hicho haianzi tena. Ndiyo maana kulipiga tanki kwa chini kwa ubao huiamsha, na hiyo ni dalili nzuri sana, mradi isisahaulike kwamba pigo hilohilo linatikisa pia soketi ya tanki. Wanaotembea daima na taa ya mafuta ikiwaka huiharakishia pampu mwisho wake, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza. Lakini hata hapa kipimo kipo. Kibanio cha kupima ampea kinachobana waya, kikiunganishwa na osiloskopu, huonyesha umeme wa pampu kama safu ya vilima, kila kilima ni kipande kimoja cha komuteta kikipita chini ya brashi. Pampu nzima huchora vilima vinavyofanana. Yenye kipande kibovu huchora bonde lilelile kila mzunguko, na huchora hata siku ambayo gari linatembea vizuri. Hiki ni miongoni mwa vipimo vichache vinavyoweza kuihukumu pampu kabla haijagoma, na nadhani kila chuo cha ufundi wa magari kingepaswa kukifundisha.

Ushahidi unaoletwa mara nyingi zaidi dhidi ya haya yote ni huu: "Nilibadilisha pampu, gari likapona." Ushahidi huo uchunguzwe kama wowote mwingine. Kubadilisha pampu kunahitaji kuchomoa soketi ya tanki na kuirudisha, na pini inayochomolewa na kurudishwa hujikwangua kutu. Mara nyingi pampu mpya huja na soketi yake mpya ya ndani. Na gari limelala gerejini likapoa. Mambo matatu au manne yamefanywa kwa pamoja, na sifa zote amepewa mmoja. Kisha kuna suala la muda. Chukua gari linalozima kwa wastani mara moja kwa wiki, na kwa hesabu tu tuseme huzima bila kuchagua siku. Hata lisipoguswa na mtu, uwezekano wa kupitisha siku 3 bila kuzima ni kama 65 kwa 100. Fundi asiyefanya lolote angekuwa na "mafanikio" karibu mara mbili katika kila tatu, kama kipimo chake ni kulijaribu gari siku 3. Ili uwezekano huo ushuke hadi 5 kwa 100, zinahitajika wiki 3 kamili, yaani mara tatu ya muda wa kawaida kati ya hitilafu na hitilafu. Na mteja asiyerudi hahesabiki kuwa amepona. Huenda amehamia gereji nyingine, au ameliuza gari. Kwa hiyo uzoefu wa miaka mingi, ambao nauheshimu, unaweza kukusanya makosa kwa uaminifu uleule unaokusanya ukweli, kama hakuna kipimo kinachovitenganisha. Uzoefu unamwambia fundi aanzie wapi kutafuta, na hapo hakuna chombo kinachoushinda. Kutoa hukumu si kazi yake.

Wengine wanaitegemea kompyuta ya kupimia. Ina msaada, lakini lazima ijulikane inaona nini. Mfumo wa OBD-II ulilazimishwa Marekani kwa magari ya 1996 kwenda mbele, na Ulaya kwa ya petroli kuanzia 2001. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani katika miaka ya 1990 hayaufuati. Hata yanayoufuata, msimbo P0230 kwa kawaida huhusu upande wa amri, yaani koili ya rilei. Mguso uliopasuka, soketi iliyoyeyuka na ethi iliyolegea viko upande wa pili, ambako kontroli boksi ya magari mengi haina jicho. Kompyuta ikisema hakuna kosa, imesema tu kwamba pale inapoona hakuna kosa. Likitokea P0335 la sensa ya krenki, hapo imetoa msaada mkubwa, kwa sababu imegeuza msako kutoka tankini.

Kuhusu mafuta machafu sitakaa sana. Ni shutuma yenye historia. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulikuwa umeenea. Lakini petroli iliyochanganywa haitakasiki kwa kukaa kivulini robo saa. Gari linalopona kwa kupoa halilalamikii petroli. Uhusiano uliopo si wa moja kwa moja: uchafu huziba chujio, pampu huvuta umeme mwingi zaidi ili kusukuma, na ungio dhaifu lililovumilia ampea 5 linashindwa na 8. Chujio libadilishwe, sawa, na ungio litafutwe vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha, na ndilo lenye ukweli mchungu. Inasemwa kwamba mteja wetu hawezi kulipia saa tatu za kupima. Pampu iliyotumika kutoka Japani ni nafuu kuliko muda wa fundi, basi ifungwe tujaribu. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama kujaribu kungekuwa mara moja. Lakini pampu inafuatiwa na rilei, rilei inafuatiwa na sensa, sensa na kontroli boksi, na kila kipuri kilichotumika kinakuja na umri wake na kasoro zake, hivi kwamba baada ya vipuri vitatu fundi hajui tena kama anatafuta hitilafu ya kwanza au aliyoileta mwenyewe. Na gari linalozima halina gharama ya gereji peke yake: likizima katikati ya mteremko wa Kitonga, usukani unakuwa mzito, breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache, na nyuma kuna malori. Chanzo halisi cha ubahatishaji huu kiko kwenye namna tunavyolipana. Mteja hulipia kitu anachokiona, kipuri ndani ya boksi, na humnyima fundi malipo ya akili iliyogundua kwamba boliti ya ethi ilikuwa imelegea. Fundi aliyepima saa mbili na kukaza boliti anaambiwa "umekaza boliti tu". Aliyefunga pampu isiyohitajika analipwa na kushukuriwa. Kwa mpango huo hata fundi mwaminifu anasukumwa kwenye kuuza pampu. Risiti ya gereji iwe na mstari wa malipo ya upimaji peke yake, yakubaliwe kabla ya kazi na yalipwe hata kama kilichopatikana ni boliti. Chini yake yaandikwe yaliyosomwa na mita, mahali yaliposomwa, na kama gari lilikuwa limegoma au linawaka wakati huo. Na kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe, kikiwa kimefunguliwa pale palipopasuka.